Tochi ya UV na jiwe linalowaka gizani

NEEMA: Karibuni tena jamani, leo tumezima taa zote humu ndani, mezani tuna mawe manne na tochi ya UV, ile ya mwanga usioonekana kwa macho. Kaka Juma washa basi tuone.

JUMA: Haya, hiki ni kipande cha Longido, lile jiwe la kijani lenye rubi ndani yake. Angalia sasa.

NEEMA: Mama yangu! Kijani chote kimepotea, rubi imebaki nyekundu kama kaa la moto.

JUMA: Si ndo hapo. Mwanga wa hii tochi una urefu wa wimbi wa nanomita 365, macho yetu hayauoni, ila jiwe linaupokea halafu linautema ukiwa umepungua nguvu, na ukishapungua ndo unakuwa rangi tunayoiona sisi. Anayefanya hiyo kazi humo ndani ni kromu, kidogo tu, na ndiyo hiyohiyo inayoipa rubi wekundu mchana. Hili la pili, spineli ya Mahenge, jiwe jingine jekundu, nalo hivyohivyo, ona.

NEEMA: Hii ya tatu mbona imelala? Mchana si ilikuwa nyekundu kama wenzake?

JUMA: Hiyo garneti dada. Imejaa chuma, na chuma kinazima huo mwanga.

NEEMA: Ngoja kwanza, maana mama mdogo aliuziwa pete kwa maneno hayohayo, muuzaji kamulika tochi jiwe likawaka balaa, akaambiwa mama rubi hii hapa ya mgodini, kuja kuipeleka kupimwa kumbe ya maabara.

JUMA: Pole yake sana, na wengi wanapigwa hapohapo. Verneuil yule Mfaransa alitangaza njia ya kutengeneza rubi mwaka 1902, mpaka leo zinatengenezwa, na kwa kuwa hazina chuma zinawaka hata kuliko nyingi zilizotoka ardhini. Rubi za Thailand zina chuma, zinawaka kwa unyonge, lakini ni za ardhini kabisa. Kwa hiyo tochi inakuambia kuna kromu na chuma kiasi gani, jiwe limezaliwa wapi haikuambii. Inauma mtu kupoteza hela yake kwa kitu kama hicho.

NEEMA: Lakini kuna waliofaidika nayo.

JUMA: Wapo, kule Franklin, New Jersey, mgodi wa zinki, wilemiti yao, ndiyo jiwe lenye zinki, inawaka kijani, na kalsaiti, madini ya chokaa yasiyo na zinki, inawaka nyekundu. Walikuwa wanamulika marudio ya kinuni, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, wakiona kijani wanajua zinki inatupwa. Mi naipenda sana hiyo, uzuri wote ule halafu unafanya kazi.

NEEMA: Na hili la nne, jeupe?

JUMA: Kalsaiti ya Terlingua, Texas. Hii mpaka taa ya nanomita 254, na hiyo ni hatari kwa macho, vaa miwani. Sasa fumba macho nikiimulika, nikisema fumbua, fumbua. Yale mengine ukizima tochi imekwisha, ila kwa hili sehemu ya nguvu ya mwanga inanasa kwenye kasoro za kristali, halafu joto la kawaida tu la chumba linaichomoa kidogokidogo.

NEEMA: Nimefumba.

JUMA: Nazima... fumbua!

NEEMA: Jamani! Bluu! Na taa imezimwa kweli?

JUMA: Nimeshaiweka chini.

NEEMA: Inafifia... bado naiona... bado, pale kwenye ukingo...

JUMA: Mi imeshanipotea.

NEEMA: Mi bado. Subiri. Haya, imeenda. Washa tena.