Andika Mahali Kwanza, Jiwe Baadaye

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na jua hili. Wengi mmeshanisikia na mnajua nitaanzia wapi. Naanzia pale pale, kwenye mkebe wa biskuti.

Mzee mmoja wa Changamwe aliniita kwake. Akafunua mkebe, ndani mna mawe kumi na moja, kila moja limejiviringisha kama kamba ya chombo iliyokunjwa vizuri. Amonaiti. Ni visukuku, yaani wanyama wa kale waliogeuka mawe. Hawa ni jamaa za pweza na ngisi, waliogelea hapa tulipo miaka kama milioni 150 iliyopita, bahari ilipokuwa imekwisha kuingia kati ya Afrika na Madagaska. Nikamuuliza, "Mzee wangu, haya uliyaokota wapi?" Akafikiri. "Mengine pande za Makupa, mengine Port Reitz, haya mawili aliniletea marehemu shemeji yangu." Lipi la wapi? Hakujua. Hakuna aliyeandika.

Nilirudi nyumbani na huzuni, na huzuni hiyo haijanitoka. Kwa nini? Kwa sababu amonaiti ni saa. Mbavu za gamba lake na namna lilivyojikunja vilibadilika upesi, upesi kwa hesabu ya miamba, na mjuzi akitazama umbo anakwambia umri. Basi ukijua amonaiti huyu alitoka ukingo fulani, umepata umri wa ukingo ule: kilicho chini yake ni cha zamani zaidi, kilicho juu kilikuja baadaye. Jiwe la mkebe lina umri, lakini halina tena mwamba wa kuupa. Mawe kumi na moja! Na kingo zile nyingine sasa zimeezekwa saruji.

Kisiwa chenyewe cha Mombasa msikichanganye na hayo. Kisiwa ni matumbawe, mwamba wa majuzi, miaka kama 125,000 tu. Tazameni kuta za Fort Jesus mtayaona matumbawe yenyewe kwa macho. Ni ng'ambo, bara, hori za Tudor na Port Reitz, mikono ile ya bahari, zinapokata ule mwamba laini unaobanduka tabaka tabaka, ndipo penye amonaiti. Maji yakipwa wakati wa bamvua, siku zile yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ukingo unajifunua wenyewe.

Najua kuna anayesema moyoni, visukuku ni mambo ya Turkana, Mombasa kuna nini? Miss McKinnon Wood alipita pwani hii akikusanya visukuku, na ripoti ya mkusanyiko wake ikachapishwa Glasgow mwaka 1930. Kwamba mawe yetu yako Glasgow hakunifurahishi hata kidogo. Lakini mpaka leo mtu anaweza kuyauliza swali yakajibu, kwa sababu yalikwenda na majina ya mahali yalipotoka. Ya mkebe yako hapa hapa kwetu na ni mabubu.

Na huyo wa Turkana, haya, tumtaje. Kamoya Kimeu, mwaka 1984, siku ya mapumziko, anatembea kandokando ya mto Nariokotome. Akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake sawasawa na changarawe iliyokizunguka. Sasa fikirini angekitia mfukoni akaendelea na matembezi yake! Mahali palijulikana, wenzake wakapachimba na kuuchekecha udongo wake, wakapata mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mifupa ile ilipatikana kwa sababu kipande kile hakikutenganishwa na mahali pake.

Vijana huniambia, "Mwalimu, tukiliacha jiwe, maji yakijaa yatalichukua." Hoja hiyo naiheshimu, hori haimngoji mtu. Lakini kupiga picha kunachukua dakika ngapi? Weka sarafu kando ya jiwe ili ukubwa uonekane. Piga ya karibu, kisha rudi nyuma hatua kumi upige ukingo wote, na mkoko au nguzo iliyo jirani ionekane. Simu uliyonayo inajua uliposimama kuliko wewe unavyojua. Halafu andika kwa penseli, maana wino ukilowa umekwisha: tarehe, mahali, jiwe lilikuwa limeshikwa na mwamba au limelala huru matopeni. Hilo la mwisho wote hulisahau! Lililolala huru huenda limeteremshwa na mto Mwache kutoka mbali, nalo halisemi lolote juu ya pale ulipolikuta.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Sheria, basi, kwa ufupi: tangu mwaka 2006 tuna sheria ya makumbusho na urithi. Kutafuta na kuchimba visukuku kunahitaji kibali, na ukikuta kitu unawaarifu Makumbusho ya Taifa. Kuuza nje ya nchi msinilete maswali. Nilitaka pia kusema juu ya matimbo, na taka zinazomwagwa kwenye hori zikafunika kingo hizi hizi ninazozililia, na kifusi kinachomwagwa juu ya mikoko. Hilo peke yake lina mhadhara wake.

Bamvua ijayo tunashuka pamoja upande wa Port Reitz, kutazama na kuandika tu. Njooni na viatu vya matope, daftari na penseli mbili. Nyundo ziacheni nyumbani. Na yule mzee wa mkebe amekubali kuja. Huenda akiziona kingo zile, akakumbuka walau moja.