Mwili Mgumu Si Sababu ya Kukwepa Yoga

Ndugu zangu, faida za yoga kwa ujumla mmekwisha kuzisikia, kwa hiyo sitazirudia. Nimesimama hapa kwa ajili ya wanaume, hasa wale ambao kila wanapoalikwa mazoezini hujibu kwamba miili yao ni migumu. Jibu hilo limenichosha, kwa sababu anayelitoa anaitaja dalili ya tatizo kana kwamba ni ruhusa ya kuliacha likomae.

Tuutazame ugumu huo kwa makini. Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mifupa tunayoikalia na kuishia chini kidogo ya goti. Mwanamume anayeshinda kitini au kwenye usukani huiacha misuli hiyo imelegea katika hali ya ufupi kwa saa nyingi, na hata yule anayecheza mpira au kunyanyua vyuma mara nyingi huiongezea nguvu bila kuinyoosha. Ikishakaza, anapoinama kuokota kitu nyonga hazigeuki inavyopasa, kwa kuwa zimeshikwa kutoka nyuma, na mzigo wa kuinama huhamia sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Ndipo mtu anapojipaka dawa mgongoni na kubadilisha godoro, ilhali kinachomfunga kiko mapajani. Sisemi kwamba kila maumivu ya mgongo yana asili hiyo, maana yapo yanayotaka uchunguzi wa daktari bila kukawia. Hata hivyo, mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kiliiweka yoga katika mwongozo wake miongoni mwa njia za kutangulizwa kabla ya dawa kwa mwenye maumivu sugu ya kiuno.

Sasa, wanaume wengi wakikubali kuanza, huanza kwa kushindana. Mwalimu akisema tuiname mbele, wao hujilazimisha kugusa vidole vya miguu, mgongo ukapinda, pumzi ikazuiwa, na kesho yake wakasema yoga imewaumiza. Kugusa vidole si lengo. Kunja magoti kidogo, anza kugeuza nyonga, refusha mgongo, kisha tulia hapo kwa pumzi kadhaa bila kujivuta. Mikono ikiishia magotini, iache magotini. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu anayeelewa mkao huu mmoja ameelewa namna ya kuifanya mingine yote.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya wanawake. Huyo hajui historia. Katika miaka ya 1930 mwalimu wa yoga Tirumalai Krishnamacharya alikuwa akifundisha wavulana katika jumba la mfalme wa Mysore, India, na mwanamke aliyeitwa Indra Devi alipoomba kufundishwa, kwanza alikataliwa. Mmoja wa wanafunzi wa mwalimu huyo, B.K.S. Iyengar, alikuwa kijana dhaifu aliyeandamwa na kifua kikuu na malaria, lakini aliendelea na mazoezi hadi uzee wake na akafariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 95. Kareem Abdul-Jabbar, aliyecheza mpira wa kikapu wa kulipwa hadi umri wa miaka 42, aliitaja yoga kuwa miongoni mwa sababu za mwili wake kudumu.

Muda unanibana, basi niseme kwa ufupi. Kupumua polepole, takriban mara 6 kwa dakika, huku pumzi ikitolewa kwa utulivu, huusaidia mfumo wa neva kushusha kasi ya moyo, na mwanamume anayefika kitandani akiwa bado na ghadhabu za kazini anaweza kuanza na hilo pekee. Misuli ya sakafu ya nyonga, inayosaidia kuzuia mkojo, nayo hufunzwa, na umuhimu wake hujulikana zaidi baada ya upasuaji wa tezi dume.

Mwenye presha ya macho asifanye mikao ya kichwa chini miguu juu, na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa amwone daktari kwanza. Mwenye goti bovu asilazimishe kukunja miguu hadi nyayo zikae juu ya mapaja, kwa maana nyonga ikikataa kugeuka, goti ndilo hupindwa. Wenye maswali kuhusu magoti waanze, kwa kuwa najua ni wengi.