Macho Hayana Pazia: Watazamaji Mbele ya Filamu ya Utumwa

Ndugu wasikilizaji, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi wa sanaa za filamu mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie namna watazamaji walivyoipokea filamu ya 12 Years a Slave, kisa cha kweli cha mtu huru aliyeuzwa utumwani Marekani, na napenda kuanzia katikati ya filamu yenyewe, pale mwenye kisa, Solomon Northup, anapoachwa akining'inia kwenye tawi la mti, kitanzi shingoni, ncha za vidole vya miguu zikipapasa tope ili apate kuvuta pumzi. Mwongozaji, Steve McQueen, hakuikata picha hiyo upesi kama wengi wangefanya. Aliiacha kamera imetulia, na nyuma ya mtu yule tunawaona watumwa wenzake wakitoka vibandani na kurejea kazini, watoto wakicheza majanini, na mwanamke mmoja akinyemelea kumnywesha maji kidogo kisha akaondoka haraka. Ukumbini hakuna anayejua afanye nini na mikono yake. Sisi tulioketi vitini tunafanya kile kile wanachofanya wale walio nyuma yake: tunaona, na hatumkati kamba.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumtetea mtu aliyeona jambo asilokusudia kuliona. Mtazamaji wa sinema hana utetezi huo, kwa kuwa amekuja kwa hiari na amelipa kiingilio. Ndiyo maana, nikiwasikiliza watu wanaotoka kuitazama filamu hii, naona kila mmoja amejishonea pazia lake. Lugha yetu hutofautisha kutazama, kuona na kushuhudia, na hoja yangu ni kwamba filamu hii inamdai mtazamaji hilo la tatu, na kwamba sehemu kubwa ya mapokezi yake ni jitihada ya kubaki kwenye lile la kwanza.

Neno kushuhudia silitumii kwa pambo. Northup alizaliwa huru katika jimbo la New York, akatekwa nyara mjini Washington mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, ambako alikaa miaka 12 katika mashamba ya pamba na miwa kandokando ya mto Bayou Boeuf, hadi alipookolewa Januari 1853. Alipomfikisha mfanyabiashara wa watumwa aliyemuuza mbele ya mahakama ya Washington, hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu kwa sababu yeye ni mweusi, na mshtakiwa akaachiwa. Mtu aliyeyaona yote, na ambaye mgongo wake ulibeba makovu yake, kisheria hakuwa shahidi. Mwaka huo huo alikitoa kitabu chake, kikauzwa nakala zipatazo 30,000, kisha kikasahauliwa kwa miaka mingi, mpaka wanahistoria wawili, Sue Eakin na Joseph Logsdon, walipokihakiki jina kwa jina na shamba kwa shamba na kukichapisha upya mwaka 1968. Kwa hiyo anayeingia ukumbini leo anaitwa kusikiliza ushahidi uliokataliwa kortini.

Sasa tuyatazame mapazia. Filamu ilipooneshwa kwenye tamasha la Toronto, Septemba 2013, wengine walitoka kabla haijaisha, wakisema hawakuweza kustahimili ukatili ule. Na tamasha hilo hilo likamalizika kwa filamu kushinda tuzo inayopigiwa kura na watazamaji. Mhakiki mmoja wa New York aliifananisha na zile filamu za kutisha ambazo watu huziendea ili waone miili ikiteswa. Mimi siwalaumu waliotoka. Anayesimama na kuondoka amekiri, kwa miguu yake mwenyewe, kwamba alichokiona kimemfika. Na swali la mhakiki ni la haki, kwa maana yapo maumivu yanayooneshwa ili kumfurahisha mtazamaji. Lakini jibu lake limo katika kile ambacho kamera inakikataa. Katika tukio la Patsey, msichana mtumwa wa shamba lile lile, kuchapwa mijeledi, kamera haikatwi ikatupa mahali pa kupumzikia. Inazunguka kutoka usoni kwake hadi kwa Solomon aliyelazimishwa kushika mjeledi, hadi kwa bwana na mkewe, na kwa muda mrefu hatuoneshwi mgongo hata kidogo, nyuso tu. Anayetafuta raha ya kutisha hapewi anachokitafuta.

Linalonisumbua zaidi ni pazia la heshima. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora Machi 2014, na siku iliyofuata gazeti la Los Angeles Times liliandika kwamba wapiga kura wawili walikiri faraghani kuwa waliipigia kura bila kuitazama, kwa kuhofia kwamba ingewaumiza, lakini wakaona ni wajibu wao kuichagua kwa uzito wa mada yake. Tafakarini jambo hilo. Mtu anaupa ushahidi taji ili asilazimike kuusikiliza. Naliona hilo kuwa baya kuliko kutoka ukumbini, kwa sababu aliyetoka hajadai kwamba alikaa.

Italia nako, mwishoni mwa mwaka 2013, yalisambazwa mabango yaliyojaa uso wa Brad Pitt, anayeonekana kwa dakika chache tu, na mengine yenye uso wa Michael Fassbender, anayeigiza yule bwana mkatili, huku Chiwetel Ejiofor, mwenye kisa, akichorwa mdogo pembeni. Malalamiko yakawa makubwa na mabango yakaondolewa.

Wapo pia Wamarekani Weusi waliosema kwamba wamechoka, kwamba kila wanapopewa nafasi kubwa kwenye skrini ya sinema wanapewa minyororo, na kwamba hawahitaji kufundishwa upya habari za bibi zao. Hilo haliwezi kupanguliwa kwa kusema kwamba filamu ni nzuri. Mwaka 1977, tamthilia ya televisheni ya Roots, inayosimulia vizazi vya ukoo mmoja wa watumwa, ilipooneshwa usiku nane mfululizo, watu waliitazama sebuleni wakiwa na jamaa zao, na asubuhi wengi wakaanza kuulizana mababu walitoka wapi. Ukumbi wa sinema hautoi faraja hiyo. Unalia gizani kando ya mgeni, na huenda mgeni huyo analia kwa sababu tofauti kabisa na yako.

Kwetu Afrika Mashariki, filamu hii ilitufikia kwa mlango wa furaha. Lupita Nyong'o, mtoto wa Kenya, alishinda Oscar kwa kuigiza Patsey, na tulishangilia mabarabarani na kwenye simu kabla wengi wetu hatujaitazama. Mwenyewe alikuwa makini kuliko sisi, kwani alipopokea tuzo alisema hasahau hata mara moja kwamba furaha nyingi iliyomo maishani mwake imetokana na uchungu mwingi wa mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita niliionesha filamu hii kwa kundi dogo la watu wa rika mbalimbali katika mji mmoja wa pwani yetu. Wakati wa tukio la mijeledi vijana wawili walicheka. Mwanzoni nilikasirika, kisha nikawaona walivyojikunyata, nikaelewa kwamba kicheko kilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa karibu yao. Taa zilipowashwa, mzee mmoja alisimama akasema kwa upole kwamba utumwa wa kwetu haukuwa hivyo, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Alikuwa na ukweli mkononi. Kwa sheria iliyofuatwa Zanzibar, mtoto ambaye suria alizaa na bwana wake alihesabiwa huru, na bwana akifa, suria naye aliachwa huru. Louisiana, mtoto alifuata hali ya mama yake, hata kama baba yake ndiye mwenye shamba. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini nilimwomba mzee wangu akumbuke mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na wale waliotembezwa kutoka bara hadi Bagamoyo wakiwa na mizigo vichwani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa Zanzibar hadi 1897, tena masuria wakasubiri hadi 1909. Tofauti ya sheria ikigeuzwa kuwa sababu ya kutotazama, nayo ni pazia, na ni zito kuliko mengine kwa kuwa limeshonwa kwa kitambaa cha kweli.

Hapo ndipo alipozungumza bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, kimya muda wote. Hakuutaja mjeledi wala kitanzi. Alisema kwamba yeye amemtambua yule mke wa bwana, anayemnyima Patsey kipande cha sabuni kwa wivu, kwa sababu katika nyumba ya ukoo wake kulikuwa na habari za mwanamke wa namna hiyo na za kijakazi aliyelala chini ya ngazi, na habari hizo zilisimuliwa kwa kunong'ona. Ukumbi ulitulia. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza miongoni mwa wote waliokuwa wakifuta machozi kwa furaha ya Solomon kurudi kwa mkewe na watoto wake.

"Na yule msichana je, mwanangu? Gari lilimwacha pale pale uani?"

Nikamweleza kwamba ndivyo filamu inavyomwacha, nyuma ya gari linaloondoka, akianguka chini. Na kwamba katika kitabu cha mwaka 1853, Patsey mwenyewe, aliyekuwa akichuma hata ratili 500 za pamba kwa siku moja, anamkumbatia Solomon akilia na kumuuliza swali hilo hilo: yeye sasa atakuwaje.