Mtilie Kubwa, Atakua

Mazungumzo na wazazi wa chekechea, Majengo, Mombasa

Asalaam aleikum, na masalkheri nyote. Mwalimu aliponiita alisema nije nizungumzie malezi. Nikamwambia, mwalimu, mimi fundi cherehani, na malezi yenyewe bado yanishinda nyumbani. Akasema njoo hivyo hivyo. Basi nimekuja na daftari langu la vipimo, hili hapa. Tepu iko shingoni kwa sababu nimetoka dukani moja kwa moja, msidhani ni pambo.

Daftari hili lina watoto wa mtaa huu kwa miaka minane. Bega, kifua, mkono, urefu. Wengine wenu mmekaa hapa na wanenu wamo humu. Kuna kijana aliingia ukurasa wa mwanzo, kanzu yake inchi 29. Nikifunua mbele yumo tena, 31. Tena, 33 na nusu. Mwisho haji na mamaake, yuwaja peke yake na hela mkononi: "Fundi, nibanie hapa kiunoni." Sina hata ruhusa ya kumuuliza mama yuko wapi.

Lakini nililoliandika mara nyingi kuliko yote si kipimo. Ni herufi mbili, ZK, yaani zidisha kidogo. Kila mzazi akileta mtoto, tepu haijagusa bega, ameshasema: "Mtilie kubwa, fundi, atakua." Nikiuliza nitie kubwa kiasi gani, naambiwa wewe tia tu. Siwalaumu. Kitambaa ghali, na Januari ina viatu, ina mikoba, ina mengine mnayajua. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Binti yangu alipoanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, nilimshonea gauni lenye upindo wa inchi nne, na hata baada ya upindo likawa lampwaya. Aliingia langoni amelishika kwa mikono miwili asilikanyage, kama bibi harusi. Picha ninayo. Nikiitazama sasa naona gauni, mtoto simuoni vizuri.

Kisha wazazi hao hao, Idd ikifika, wanasimama pale pale dukani: "Wallahi fundi, watoto wakua mbio! Juzi tu nilikuwa nambeba." Naona dada pale nyuma anacheka, ajijua. Ukuaji tumeuagiza wenyewe kama mzigo wa bandarini, na ukiteremshwa tunalia kwamba umefika mapema.

Na Idd yenyewe inatughilibu. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja. 2019 Idd ndogo ilikuwa Juni. 2025 Machi haijaisha, tumeshaswali. Kwa hiyo anayehesabu mtoto kwa nguo za Idd, kama sisi wengi, kila mwaka anapunjwa siku kadhaa bila kujua.

Sasa fungueni kile kitabu cha kliniki. Wengi tukishamaliza chanjo ya surua ya miezi 18 tunakitia kabatini, chini ya mashuka. Kitoeni, kina mchoro wa urefu. Mtoto huzaliwa na kama sentimita 50. Mwaka wa kwanza huongeza kama 25. Wa pili, kama 12. Kisha hushuka hadi 6 au 7 kwa mwaka, na huendelea kwa mwendo huo mpaka karibu na kubaleghe. Yaani ule mstari, kadiri unavyokwenda, unalala. Mbio zenyewe zilikuwa pale yuko mgongoni kwenye leso, ukiwa umepata usingizi wa saa mbili tu usiku kucha na hukumbuki hata ulikula nini. Huyu wa miaka sita unayesema anakimbia, huyu ameshapunguza mwendo zamani.

Ukitaka ushahidi mwingine, chukua kofia. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35 kukizunguka. Akifika mwaka ni 46 hivi. Baadaye, tangu miaka miwili hadi mitano, huongeza mbili au tatu basi. Ndiyo maana kofia ya vito ya mwaka juzi bado yamkaa, na suruali ya mwaka juzi imekuwa kaptura. Miguu hutangulia. Kila Januari nateremsha pindo za suruali, na mashati ya watoto hao hao hayana neno.

Basi kama hakimbii, mbona twahisi hivyo? Mimi nina jibu la dukani tu. Nguo ya "atakua" humpwaya Januari, humkaa sawasawa labda miezi mitatu katikati ya mwaka, na kufika Novemba imepauka na magoti yametoboka. Muda wote mwingine mtoto yumo ndani ya nguo ya mtu ambaye bado hajafika. Na si nguo peke yake. Hajasimama dede sawasawa tushamvuta mikono atembee. Yuko PP2 twamuuliza habari za gredi ya kwanza. Chuoni kwa Qurani hajamaliza sura aliyo nayo, twamuuliza mtoto wa jirani amefika wapi.

Wazee husema mwana hutazama kisogo cha nina. Mwezi uliopita tulikuwa twaenda Likoni kwa bibi yake. Pale kwenye mteremko wa feri, watu kama mchanga, mikokoteni yapiga kelele nyuma yetu, binti yangu akauchomoa mkono wake. "Niwate, Mama, naona njia." Akatangulia. Nikabaki natazama kisogo chake, mistari ya nywele nilizomsuka mwenyewe asubuhi, na pini moja imelegea. Nilikuwa nishasuka kichwa kile mara ngapi, na sikuwahi kujua ana alama nyeusi ndogo nyuma ya sikio la kushoto.

Usiku ule nikamsimamisha juu ya stuli nimpime gauni la Idd. Jino la mbele limemtoka, kwa hiyo maneno yanapitia pengo. Akanitazama nilivyoshika tepu, akasema: "Mama, uthidhidishe." Nikamwambia, mwanangu, utakua. Akasema, "Najua. Lakini nataka ya mwaka huu."

Nikalikata sawasawa na kipimo. Bega lake, mkono wake, urefu wake wa siku ile. Alipolivaa alizunguka mara tatu mbele ya kioo na halikumgusa kisigino.

Ila upindo wa ndani niliuacha inchi tatu. Sikumwambia.