Msiniletee Kilomita, Nileteeni Ratiba

Wenzangu, nitarudia jambo ambalo baadhi yenu mmeshachoka kulisikia. Mkitaka kujua kisiwa kimoja kiko mbali kiasi gani na kingine, msiniletee kilomita. Nileteeni ratiba.

Chukueni St Helena na Ascension, kule Atlantiki ya Kusini. Kikokotoo cha mtandaoni kitakwambia takriban kilomita 1,300, kama mara mbili ya Dar es Salaam hadi Nairobi. Ukigawa kwa mwendo wa 800 kwa saa, ukaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, unapata saa mbili na dakika chache. Hesabu ni sahihi, sigombani nayo. Lakini safari za abiria kati ya visiwa hivyo zilipoanza mwaka 2017, ndege ilikwenda mara moja kwa mwezi, Jumamosi moja tu. Ikikuacha Jumamosi hiyo, saa zako mbili zimeshageuka wiki nne!

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, si waongeze ndege?" Wampakie nani? St Helena ina watu elfu nne na kitu. Ascension haina wenyeji wa kudumu. Waliopo wako kazini, na wengi wao wametoka hukohuko St Helena. Mwingine atasema wapande meli. Meli ipi, bwana? Ile RMS St Helena iliyowahudumia miaka yote ilistaafishwa 2018.

Na uwanja wenyewe wa St Helena, mnaujua? Pauni milioni 285. Aprili 2016 ikaletwa Boeing 737 ya majaribio, rubani akashuka, akapaa tena, akatua jaribio la tatu. Upepo pale juu ya majabali hugeuka ghafla karibu na njia ya kurukia. Ufunguzi ukaahirishwa, magazeti ya Uingereza yakacheka mpaka yakachoka. Ilipopatikana ndege ndogo zaidi, Embraer, ikitokea Johannesburg, ililazimika kupita Namibia kujaza mafuta, maana ikifika ikashindwa kutua, hakuna uwanja wa jirani wa kukimbilia: irudi bara. Mafuta ni mzigo, na mzigo hula viti. Kwa hiyo viti kadhaa viliachwa vitupu kwa makusudi, huku watu wakitafuta tiketi. Kikokotoo chako kinalijua hilo?

Waingereza walikijua kipimo hiki kabla ya ndege kuwapo. Walimpeleka Napoleon St Helena mwaka 1815. Sayyid Khalid bin Barghash wetu, yule wa vita vya Unguja vya 1896 visivyofika saa nzima, walimkamata Dar es Salaam mwaka 1916, naye wakampeleka St Helena. Ukuta wa nini? Anayeshika ratiba ya meli ndiye bwana jela. Khalid alikuja kuruhusiwa kurudi pwani hii, akafia Mombasa 1927.

Nimeambiwa muda umekwisha, basi nimalizie na Ascension harakaharaka. Uwanja wake walijenga Wamarekani mwaka 1942. Mwaka 2017 njia ya kurukia ikaharibika, ndege kubwa za kutoka Uingereza zikasimama. Mtu wa Ascension mwenye safari ya London, iliyo kaskazini yake, akawa anashuka kusini hadi St Helena, kisha Johannesburg, ndipo apande tena juu. Mambo ya bei na mizigo someni wenyewe. Maswali?