Kisigino Ukingoni mwa Baraza

CHANDE: Karibuni wasikilizaji. Tuko Shangani, Mtwara, na huo upepo mnaousikia ni wa bahari. Mimi Chande, niko na dada Somoe, mtaalamu wa mazoezi tiba. Leo tunazungumzia kisigino changu.

SOMOE: Kisigino, au ule mshipa wa juu yake?

CHANDE: Ule mshipa. Ulianza baada ya bonanza la maveterani. Nikiamka asubuhi, hatua za kwanza natembea nimeshika ukuta. Nikaambiwa nipumzike mpaka maumivu yaishe. Nimepumzika miezi mitano, dada!

SOMOE: Ukawa unatembeaje?

CHANDE: Ngazi nashuka kiubavu, kama kaa. Hata kivuko cha Msangamkuu nilikiacha, maana ile njia ya kushukia imeinama, nikajua nikikanyaga pale mshipa unakatika.

SOMOE: Umeona? Maumivu ni jambo moja, hofu ya kuutumia mguu ni jambo jingine. Ina jina tangu 1990, kinesiofobia, na kuna dodoso la maswali 17 la kuipima. Ukimuuliza mtu kama anaogopa, atakwambia haogopi. Mtazame anavyoshuka ngazi.

CHANDE: Mimi nilikuwa nasema najitunza.

SOMOE: Na huna kosa, ndivyo ulivyoambiwa. Sasa, tunauita mshipa lakini ni kano, nyuzi za kolajeni zinazounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ukikimbia inabeba mara 6 hadi 8 ya uzito wako. Kitu cha kazi namna hiyo ukikilaza miezi mitano kinadhoofika, na shavu la mguu nalo linasinyaa. Siku ukikanyaga inauma, unasema “si nilijua,” unarudi kukaa.

CHANDE: Ndivyo hasa. Halafu ukaja nyumbani, ukaniambia nisimame ukingoni mwa baraza, kisigino kining'inie.

SOMOE: Saa kumi na mbili asubuhi, na jasho lilikuwa linakutoka. Nguzo umeishika kwa mikono miwili.

CHANDE: Waeleze zoezi lenyewe.

SOMOE: Unajiinua kwa miguu yote miwili. Unahamishia uzito kwenye mguu unaouma, unashusha kisigino taratibu mpaka chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko mitatu, goti limenyooka. Kisha vivyo hivyo goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi ndio waliolitangaza mwaka 1998.

CHANDE: Piga hesabu, ni 180 kwa siku. Na linauma.

SOMOE: Linauma, na hapo ndipo watu wanapoliacha. Kwa hiyo tunayapa maumivu namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Mpaka tano, endelea. Kesho yake asubuhi yawe yameshuka; yasiposhuka, punguza. Mwaka 2007, hukohuko Uswidi, walilinganisha walioendelea kukimbia na kuruka kwa kanuni hiyo na waliozuiwa wiki 6 za mwanzo. Walioendelea hawakuharibikiwa chochote.

CHANDE: Kwangu namba ndiyo iliyonitoa. Mama alikuwa ananichungulia dirishani, “Mwanangu, unajiumiza.” Namjibu, “Mama, ni tatu.” Ananyamaza. Wiki ya pili akawa yeye ndiye anayeuliza, “Leo ngapi?”

SOMOE: Mama mwenyewe alikuwa anaogopa kwa niaba yako. Nyumba nyingi hofu hii ni ya familia nzima.

CHANDE: Kweli kabisa.

SOMOE: Ila msikilizaji, kama ulisikia “pa!”, kama umepigwa teke kwa nyuma, ukashindwa kujiinua kwa vidole, hilo si la barazani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama maumivu yalianza ukiwa unatumia siprofloksasini, ile dawa ya kuua bakteria, mwambie daktari; dawa hiyo inajulikana kudhuru kano.

CHANDE: Mimi sasa niko wiki ya tisa. Zoezi nalifanya na begi la mchanga mgongoni, kilo tano. Juzi nilivuka kwenda Msangamkuu. Pale penye mteremko nilisimama kwanza, watu wananipita na ndoo zao za samaki. Kisha nikashuka, uso mbele.

SOMOE: Ilikuwa ngapi?

CHANDE: Nne. Jana asubuhi, mbili.

SOMOE: Basi leo jioni ongeza kilo moja.