Wanga Uliobadilishwa Unaishia Wapi Tumboni?

Wazee wangu, shikamooni. Na wengine, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie vinywaji vya unga vinavyouzwa kwenye makopo kwa watu wenye kisukari. Wengi huuliza kama vinapandisha sukari. Mimi nauliza pia: wanga uliomo unaishia wapi tumboni?

Wanga wa kawaida huvunjwa kwenye utumbo mwembamba, ukawa glukosi, ukaingia kwenye damu. Kisichomeng'enywa hushuka utumbo mpana, wanakoishi bakteria wetu kwa matrilioni. Kinywaji kikiisha chote huku juu, wale wa chini hawapati kitu, hata kopo liwe la bei gani.

Sasa, viwanda hubadilisha wanga kwa njia tofauti, na matangazo huzichanganya zote kwenye kapu moja. Ipo isomaltulosi. Ni glukosi na fruktosi, kama sukari ya mezani, ila zimeunganishwa kwa namna ambayo vimeng'enya vyetu huchelewa kuikata. Fahirisi yake ya glaisemia, yaani kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, glukosi ikihesabiwa 100, ni 32 hivi. Ya sukari ya mezani ni karibu 65. Basi sukari ya damu hupanda taratibu, na hilo ni jema. Lakini karibu yote huishia utumbo mwembamba, kwa hiyo bakteria wa chini hawaioni. Na tafadhali sana: sukari ikishuka, jasho likakutoka na mikono ikatetemeka, usikimbilie kinywaji cha namna hiyo. Kinachelewa. Chukua glukosi.

Inulini (si insulini; hizi ni nyuzi za mimea) na dekstrini sugu ni habari nyingine kabisa. Dekstrini sugu hutokana na wanga, mara nyingi wa mahindi, uliopashwa moto pamoja na tindikali mpaka ukajifunga upya kwa viungo ambavyo vimeng'enya vyetu havina uwezo navyo. Zote mbili zinafika chini. Bakteria huzichachusha, wakatoa gesi, ndiyo, lakini pia asidi tatu: asetiki, propioniki na butiriki. Butiriki ni chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia huziamsha seli za utumbo zinazotoa homoni ya GLP-1, ile inayolihimiza kongosho litoe insulini mtu anapokula. Zile sindano za kupunguza uzito mnazozisikia mitandaoni zimeiga homoni hiyohiyo.

Mwaka 2012 watafiti walichunguza choo cha watu 345 nchini China, wakakuta wenye kisukari aina ya pili wana upungufu wa bakteria wanaotengeneza butiriki. Watu wakashangilia kwamba chanzo kimepatikana. Mwaka 2015 utafiti mwingine ukapunguza shangwe: sehemu ya tofauti zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za ugonjwa zilikuwa kazi ya metformini, kidonge ambacho wengi humu tumekimeza leo asubuhi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Zhao Liping na wenzake, wa 2018, kwa wagonjwa 43. Wote walipewa akabosi, dawa inayochelewesha wanga kumeng'enywa. Kundi moja likaongezewa nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali: nafaka zisizokobolewa, vyakula vya asili vya Kichina na nyuzi za kulisha bakteria. Baada ya wiki 12, asilimia 89 ya kundi hilo walikuwa na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, chini ya asilimia 7. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 50. Angalieni vizuri: kilichotumika ni mlo mzima, wenye nyuzi nyingi na za kila namna. Kopo lenye gramu mbili za inulini likitangazwa kwa matokeo hayo, kwangu huo ni ujanja wa biashara.

Kwa hiyo ukishika kopo, geuza nyuma. Usisome mbele, mbele pana picha tu. Tafuta gramu za nyuzinyuzi kwa kila glasi na jina la wanga uliotangulia kwenye orodha ya viambato. Likitangulia maltodekstrini, yaani wanga uliokatwa vipande vifupi, usioichanganye na dekstrini sugu, jua hiyo hupandisha sukari haraka kama glukosi. Halafu linganisha bei na kilo ya maharage au ya dona.

Ukiamua kutumia chenye inulini, anza na kidogo. Tumbo litajaa gesi siku za mwanzo, na kama unatumia metformini huenda likaharisha. Punguza kinywaji, dozi ya dawa usiiguse mpaka umwone daktari wako.